Mwanaasha Binti Likwata na Wimbo wa Ndani

Mwanaasha binti Likwata alikuwa na sauti, na alijua kwamba anayo. Tuanzie hapo, maana wanaomhadithia siku hizi humfanya bibi mnyenyekevu aliyedanganywa na wasomi, na mimi hilo silikubali. Alikuwa mwanamke wa maringo. Kwenye shughuli za watu wa Miteja, akishafunga kanga kiunoni na kukohoa kidogo, wenzake walinyamaza kabla hajafungua kinywa, naye aliwaacha wasubiri makusudi. Marehemu mumewe, Huseni, alizoea kusema kwamba yeye alioa koo, na mwili akapewa kama nyongeza.

Kulima alilima kama kila mtu: muhogo, mtama, na mikorosho aliyoachiwa na Huseni. Lakini cheo chake kilikuwa unyagoni. Yeye ndiye alikuwa nyakanga, mkuu wa makungwi, na hapakuchezwa mwali pande zile bila yeye kuulizwa. Kulikuwa na wimbo mmoja alioachiwa na mama yake, ulioimbwa mara moja tu, mwali anapoinuliwa mkekani siku ya mwisho. Mwanamume hausikii, na msichana ambaye hajachezwa hausikii. Maneno yake hayamo humu, msomaji asijisumbue kuyatafuta. Sharti la wimbo huo kila mwanamke alilijua: wimbo wa ndani ukisikiwa na wanaume umekufa, haumwinui tena mwali yeyote.

Binti yake wa pekee alifariki kwa uzazi akamwachia mjukuu, Kidawa. Mwanaasha alimlea mtoto yule kwa uji na kwa wasiwasi. Alitaka jambo moja tu hapa duniani: amcheze Kidawa mwenyewe, na siku ya mwisho amwinue kwa sauti yake, kama alivyoinuliwa yeye na mama yake. Alilisema kisimani, akalisema shambani, mpaka watu wakamtania kwamba mtoto bado ananyonya kidole na tayari ametangaziwa ngoma.

Mwaka wa sitini na tisa akaja Stefania. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Mmakonde, amezaliwa Mingoyo kwa wazazi Wakatoliki walioshuka kutoka uwanda wa juu wa Wamakonde kutafuta biashara. Alibeba tepurekoda ya betri na barua ya kuwaeleza viongozi kwamba anakusanya nyimbo za wazee kabla hazijapotea. Na kweli zilikuwa zinapotea. Wakati ule watu walikwishaambiwa watoke kwenye mashamba yao ya zamani wakae pamoja kando ya barabara, kijiji cha ujamaa, na katika vikongwe walioujua vizuri ule wimbo wa kuinulia, waliobaki walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Makungwi walimpima kwanza. Walimuuliza yale anayoulizwa mtu aliyechezwa, naye akayajibu kwa mtindo wa kwao, ukitofautiana kidogo na wa huku, lakini jibu lilitoka panapotakiwa. Basi akakubaliwa kuwa ni mwanamke wa ndani. Mwanaasha hata hivyo alimkatalia wimbo. Stefania hakukasirika, akakaa, akapalilia naye mtama, akatwanga, kisha siku moja akasema neno lililomkaa bibi yule rohoni.

"Bibi, siku ukiondoka wewe, nao unaondoka. Chuoni utakaa, na watakaousikia ni wanawake tu. Hilo naapa."

Mwahija, rafiki yake wa tangu utoto na msaidizi wake unyagoni, alimwonya. Alisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, na ile mashine haikuwa kata ya nyumba yao. Pengine Mwanaasha angemsikiliza. Lakini Stefania, kwa kujaribu tu, alimrekodi akiimba wimbo wa kutwangia ambao hata kuku wa kijiji waliujua, kisha akabonyeza kitufe. Mwanaasha akaisikia sauti yake ikitoka kwenye mashine. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akataka irudiwe, na iliporudiwa akataka tena. Baadaye alieleza sana habari za kuhifadhi urithi, na hizo ni sababu njema, sizikatai. Mimi nasema alitekwa pale, na sauti yake mwenyewe. Keshoye mlango ulifungwa, wanawake waliochezwa wakaketi ndani, na wimbo wa kuinulia ukaingia kwenye kanda.

Miaka ikapita kwa amani. Watu wakahamia kando ya barabara kweli, wakajengewa ofisi ya TANU, shule na duka la ushirika, na Kidawa akafika umri ambao majirani huanza kumtazama msichana kwa kupima. Mwanaasha alikwishaanza kutenga mtama wa pombe na kuku wa shughuli. Ikaja Saba Saba.

Siku ile alikuja afisa utamaduni, kijana aitwaye Benedikto, na Landrova yenye kipaza sauti juu. Hakuwa mtu mbaya. Alihutubia pale kiwanjani kwamba wakoloni walizidharau ngoma zetu wakaziita za kishenzi, na sasa taifa limezirudishia heshima. Kwamba Chuo Kikuu kimempa kanda za ngoma za mkoa mzima, na mojawapo imeimbwa na mama wa hapahapa. Akaomba mama huyo apigiwe makofi. Watu walipiga makofi, Mwanaasha naye akatabasamu, akidhani ni ule wa kutwangia.

Kipaza sauti kikakoroma, kisha ukatoka wimbo wa ndani.

Wanaume walikuwepo wote, wazee, wakwe, vijana wa mgambo, na walimu. Waliofahamu ni kitu gani waliinamisha nyuso zao. Wasiofahamu walitikisa vichwa kufuata mdundo. Mwahija alimvuta Kidawa akamziba masikio kwa kanga, kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Mwanaasha alikivuka kiwanja peke yake akaenda kumwambia Benedikto azime. Yule kijana, kwa furaha yake, alidhani bibi amekuja kuwasalimu wananchi, akamkabidhi kipaza sauti cha mkononi. Mwanaasha akasimama nacho hajui pa kukiweka, na kijiji kizima kikasikia anavyohema.

Wanawake walikutana uani kwa Mwahija. Wako waliotaka wimbo uhesabiwe umekufa siku ileile, lakini Mwahija alimtetea rafiki yake, na alimtetea sana. Alisema kelele za mara moja za gari si wimbo, wanaume hawakushika hata neno. Mwanaasha aende alikoupeleka, aurudishe wote, uchomwe mbele ya macho yao, halafu upumzishwe msimu mmoja. Baada ya hapo utarudi kazini na Kidawa atainuliwa nao. Walikubaliana hivyo.

Akapanda basi la Dar es Salaam. Wakavuka Rufiji kwa kivuko, wakalala njiani kwa ubovu wa barabara, na mwishowe akafika Chuoni amejaa vumbi, akiuliza kila mtu habari za Stefania wa Mingoyo. Stefania sasa alikuwa ameajiriwa hukohuko. Alipomwona bibi yule mlangoni alipiga magoti akamwamkia, na alipoelezwa alilia kabla habari haijafika mwisho.

Ikawa hivi. Stefania aliiweka kanda kwenye boksi, na juu ya boksi akaandika kwa wino mwekundu kwamba asisikilize mwanamume. Akaikabidhi kwenye chumba cha kanda kama alivyofundishwa. Masika moja paa la chumba lilivuja, maboksi yakaota ukungu, na fundi akaambiwa aziokoe kanda kwa kuzinakili kwenye kanda mpya. Akazinakili kwa uangalifu, asipoteze hata wimbo mmoja. Maboksi yaliyooza akayatupa. Kwa hiyo sauti ilihamishwa salama, na sharti likaishia jalalani. Halafu kulikuwa na kanuni, nayo ilionekana nzuri: kilichokusanywa kwa fedha za wananchi ni cha wananchi, mwenye kukihitaji kwa kazi ya taifa apewe nakala. Ndio ulikuwa wakati wa mambo kuwa ya wote, shamba la wote na duka la wote, basi na wimbo nao ukawa wa wote. Hakuna aliyefikiri kuuliza wote ni akina nani.

Stefania aliingia chumbani akatoka na kanda ndani ya kitenge chake, bila ruhusa ya mtu. Akampa. Kisha akasema kwamba hiyo si yote, zipo nakala. Mwanaasha akataka kujua nakala ndiyo nini, naye akamweleza kwamba ni kama moto wa kuazima: jirani anakuja na kijinga chake cha kuni, anauchukua, na mafigani kwako moto unabaki vilevile. Moja anayo Benedikto. Nyingine alikwenda nayo profesa mmoja Mzungu, mkataba wake ulipokwisha, akarudi kwao Ulaya. Stefania akaahidi kuwaandikia wote wawili.

Mwanaasha alielewa, asije mtu akasema hakuelewa. Njia nzima ya kurudi alikaa na kile kifurushi mapajani akijua kwamba amebeba kimoja katika vingi. Alijipa moyo. Ulaya hakuna anayejua Kimatumbi. Benedikto ni kijana mwenye adabu, akiandikiwa atarudisha. Na Kidawa alikuwa keshapevuka. Msimu haungojei barua.

Uani kwa Mwahija wanawake walikuwa wamekwishakoka moto. Mwahija aliipokea kanda, akaigeuza huku na huku, akamtazama rafiki yake usoni.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Ikatupwa motoni. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya, na wanawake wakapiga vigelegele. Mwahija alimkumbatia. Mwanaasha naye alilia, na wenzake wakadhani ni machozi ya kupona. Moyoni alikuwa na hofu ambayo haikumtoka tena, akawa hasikii utamu wa chakula, na kila gari lililosimama kijijini lilimkata maini.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii haikupitiwa na gari lolote. Wiki chache baadaye Mwahija alikuwa amekuja kwa Mwanaasha kubangua karanga, wanazungumza habari za shughuli, nani ataalikwa na pombe itapikwa na nani. Kidawa alirudi shule, akaamkia, akavua sare, akachukua mchi. Akaanza kutwanga huku anaimba. Ulikuwa wimbo wa kuinulia, kuanzia mwanzo. Maneno mengine ameyakosea kwa kuwa hakuyaelewa, lakini sauti ilikuwa ya bibi yake kabisa, ileile, changa zaidi. Mwanaasha alisahau kila kitu kwa kitambo, akaisikiliza. Alikuwa hajapata kusikia wimbo ule ukiimbwa vizuri namna ile na mtu asiyekuwa yeye.

Kisha akakumbuka alipo. Akamuuliza mtoto ameutoa wapi. Kidawa akajibu kwa fahari kwamba ni wa shule. Wanaandaa ngoma ya kuupokea Mwenge, bwana utamaduni aliwaletea kanda, mwalimu anawafundisha, wavulana wanapiga ngoma na wasichana wanaimba, na yeye amechaguliwa kuongoza.

Mwahija aliweka ungo chini. Hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza mbele ya watu. Ukaniambia ndiyo yote."

Mwahija alifunga karanga zake, akaondoka, na urafiki wa maisha yao yote ukaondoka naye.

Hukumu haikuchukua muda. Wimbo umekufa, na mwali hainuliwi kwa maiti. Kuhusu kanda wangeweza kumsamehe, walisema, kwa kuwa mashine ni mambo ya wasomi. Lakini nyakanga aliyewaambia wenzake uongo hana tena mahali pa kukaa ndani. Tangu siku ile ahesabiwe mtu wa nje. Kidawa atachezwa na Mwahija, kwa nyimbo nyingine. Stefania aliandika mara moja, kwamba Benedikto alikwishazigawa nakala kwa shule kadhaa na hazikumbuki zote, na kwamba kutoka Ulaya wamejibu kwa heshima: kanda imepokewa maktabani, na wengi wanaipenda. Yeye mwenyewe alikuwa ameachishwa kazi kwa kutoa mali ya Chuo.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Kidawa alitiwa ndani. Mwanaasha alibaki kwake, akipeta mtama ambao haukuhitaji kupetwa. Ngoma alizisikia kwa mbali, na siku ya mwisho, ulipofika wakati wa kumwinua mwali, wanawake walishusha sauti zao kusudi, kama wafanyavyo mtu wa nje akiwa karibu. Hakuambulia kitu.

Mwali alitoka amepakwa mafuta, amevikwa kanga mpya, anatembea polepole kwa macho ya chini. Alipitishwa nyumba kwa nyumba kuamkia, na kwa bibi yake akaachwa aingie peke yake. Akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mwanaasha alimtazama. Alikuwa mzuri, na alikuwa mwanamke. Hakukusudia kuuliza, neno lilimponyoka.

"Wamekuinua kwa wimbo gani?"

Kidawa alimpenda bibi yake kuliko mtu yeyote.

"Bibi, nimeambiwa nisikwambie."

Ni maneno ambayo Mwanaasha mwenyewe alikuwa amewatia wanawali wote vinywani, kizazi baada ya kizazi: mtu wa nje akikuuliza, hata awe amekuzaa, hata alie, usimwambie. Alikuwa akiwapiga vidole kwa kijiti mpaka wayajue. Alinyoosha mkono akaiweka sawa kanga ya mjukuu wake begani.

"Usiniambie," akasema. "Hata nikikuuliza tena."