Wadogo Wameshakula?

Msichana aliyepanga chumba kinachopakana na changu hapa Kariobangi alikuwa ametoka makao ya watoto, baada ya kufikisha umri wa kuondoka. Hakuwa na mtu. Alinisaidia kupika pilau ninayouza jioni, nami nikamshukuru Mungu kwa kuniletea mjukuu uzeeni.

Jambo moja tu lilinitia baridi. Mtu akiuliza kwa ukali, "Nani amefanya hivi?", alisimama, akaweka mikono nyuma, akatazama ukuta na kusema, "Ni mimi." Maji yamemwagika, ni yeye. Taa ya chooni imevunjwa yeye akiwa sokoni, ni yeye. Na sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto mdogo sana. Nilipomuuliza, alinijibu kama anayenitajia bei ya nyanya: "Kule kitu kikipotea, hakuna anayekula mpaka mmoja akubali. Wadogo walikuwa wanalia, bibi. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa."

Ijumaa moja alasiri jirani alipoteza simu, akarudi na askari.

"Nani amechukua simu ya huyu mama?" askari aliuliza, amesimama katikati ya ua.

Msichana akaweka chini ungo wa mchele. Akasimama.

"Ni mimi."

"Si nilisema?" jirani akapiga makofi. "Hawa wa home za watoto ndio hao! Mnawafuga mkidhani ni malaika."

"Afande," nikasema, "tangu nitoke msikitini tumekaa hapa tunachagua mchele."

"Shosho, amekubali mwenyewe. Kuna mtu amemlazimisha?" Akatoa pingu. "Simu iko wapi?"

"Popote mtakaposema," msichana akajibu.

Jirani akashusha mikono. Kisha msichana, bila kutoa macho ukutani, akaniuliza polepole, "Bibi, wadogo wameshakula?"

Nimefundishwa kutoogopa majini, na siwaogopi. Lakini swali lile lilinisimamisha nywele. Nikasoma dua kimoyomoyo, nikafunua sufuria ya kwanza ya pilau, iliyokwisha kuiva, nikawaita watoto wote wa ploti. Niliwapakulia pale pale, mbele ya askari. Walikula kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa watoto wa hapa. Pingu zilining'inia mkononi mwa afande, naye akiwatazama.

"Wanakula," nikamwambia msichana. "Tazama."

Akatazama sahani moja baada ya nyingine, mpaka ya yule mdogo kabisa. Mikono ikaachana nyuma ya mgongo.

"Basi si mimi," akasema, kwa sauti yake. "Hiyo simu hata siijui."

Askari akarudisha pingu kiunoni. Langoni akanigeukia. "Shosho, leo ulikuwepo. Akiulizwa huko nje, nani atawapakulia watoto mbele yake?"

Umri wangu haufichiki. Kwa hiyo namfundisha kama nilivyofundishwa Kurani utotoni, kwa kurudia na kurudia. Tukiwa tunamenya vitunguu, namgutusha: "Nani amefanya?" Husimama kabla hajajua kwamba amesimama, macho yameshafika ukutani. Namwambia aketi. Tunaanza tena.

Jana alichelewa kidogo kusimama. Kisu kilibaki ndani ya kitunguu, midomo ikafunguka, na lile "Ni mimi" halikutoka. Alhamdulillahi.