Mashine Iliyovuja Wiki Tano

Harufu ya raba iliyolowa maji ya sabuni hunikamata popote nilipo. Juzi niliisikia katika duka la vifaa huku Mwiki ninakoishi sasa, mwuzaji alipokuwa akichambua paipu kuukuu, nikasahau kabisa nilichokuwa nimekuja kununua. Nilikuwa nimerudi Makongeni, Thika, nina miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti nyuma ya mashine ya kufua nguo, na Baba ameketi karibu yangu kwenye kiti cha plastiki.

Lakini kwanza nikueleze habari za Baba. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo pale mjini, mtu wa mizaha mingi, aliyeweza kukwambia ugonjwa wa gari lako kwa kulisikia tu likipita. Mwaka ule akashikwa na kiharusi. Alitoka hospitalini mkono wake wa kulia ukining'inia, na katika maneno yake yote akabaki na mawili: "eeh" na "hapana". Mengine aliyatafuta mdomoni mpaka jasho likamtoka, kisha akaachana nayo. Siku nzima aliketi mlangoni akitazama njia. Majirani walimsalimia, halafu wakamwuliza Mama, "Amekula? Amelala vizuri?" kana kwamba yeye ni mtoto mchanga asiyesikia. Mimi nami niliacha kumwambia habari za shule. Niliuogopa ule ukimya uliofuata.

Shuka zake zilihitaji kufuliwa kila siku. Kwa sababu hiyo Tata, dada yake Mama aliyekuwa akikaa Ruiru, alituletea mashine yake ya zamani, ile ya mitungi miwili, mmoja wa kufulia na mwingine wa kukamulia. Mama aliipangusa kwa heshima, kama mgeni aliyetoka safari ya mbali. Ilinguruma vizuri wiki mbili. Jumamosi ya tatu, Mama akiwa sokoni, kile kisahani cha chini kinachozungusha maji kikakwama.

Hakuna aliyenituma. Nilichukua bisibisi ya Baba, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikalegeza kibano kinachoshika paipu ya nyuma kwa kuwa paipu hiyo ilikuwa njiani mwangu, nikang'oa kisahani. Chini yake nikakuta soksi ya shule, tena yangu, imejiviringa kwenye chuma kama nyoka. Nilijiona daktari. Nikarudisha kila kitu mahali pake, isipokuwa pete moja ndogo ya raba iliyobaki sakafuni. Niliitazama mashine, nikaona imekamilika vizuri bila pete hiyo, nikaisukuma chini ya kitanda.

Nilipomimina maji, yalitokea chini yote. Yalitambaa sakafuni mpaka mlangoni. Baba aliinua mguu mmoja, ule uliokuwa bado ukimtii, akautazama ule mwingine ukilowa.

Mama aliporudi hakunichapa. Alitua kikapu chake, akainama na kitambaa, akasema kwa uchovu, "Kesho nitaita fundi."

"Hapana," Baba akasema.

Tukamgeukia. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mashine, mdomo ukahangaika muda mrefu. "Fu... fungua."

Mama alibaki ameinama vile vile, maji yakimchuruzika mkononi. Kisha akaniambia polepole, "Haya, fungua. Fanya vile baba yako anakwambia."

Nikafungua. Baba alichungulia ndani, akachora duara hewani kwa kidole. Nilijua vizuri anatafuta nini, ila nikajifanya sijui, mpaka aliponitazama kwa lile jicho lake la zamani. Nikaingia chini ya kitanda, nikatoka na pete na buibui mmoja.

"Raba?" nikamwuliza.

"Ra... raba." Alilirudia mara tatu, kama mtu anayeonja sukari aliyokatazwa siku nyingi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila Jumamosi, na Jumapili baada ya kanisa, tuliifungua ile mashine. Mimi nilikuwa mikono, yeye akawa macho. Nilishika kitu nikakitaja, naye akakitaja baada yangu: paipu, mkanda, nati, skrubu. Nikiwa na haraka alinigonga begani. "Pole... pole. Skrubu haikimbii." Huo ndio ulikuwa msemo wake wa kwanza baada ya ugonjwa, na mpaka leo nawaambia hivyo watoto wangu wanapovaa viatu kwa pupa, cha kushoto mguu wa kulia.

Raba niliivalisha kichwa chini, maji yakamwagika tena. Baba akacheka kwa nusu ya mdomo wake. Nilipoigeuza, ikashika, lakini kesho yake tukaona tone dogo likidondoka kutoka kwingine. Alinifundisha kutandaza gazeti kavu chini ya mashine ili tuone tone linaangukia wapi. Tulilifuatilia lile tone kama watu wanaofuata nyayo za wezi wa mifugo. Wiki zikapita. Mama alirudi kufua shuka kwa mkono nyuma ya ploti, zile nyumba za kupanga tulimoishi, ameinamia karai tangu asubuhi, na jirani yetu Mama Halima akamwambia kuna fundi mzuri kule Kiganjo.

"Wacha kwanza," Mama akajibu, akaendelea kusugua.

Jumamosi ya tano baada ya ile ya soksi, Baba aliniambia nikaze kile kibano cha paipu ya nyuma. Nikakikaza. Tukajaza maji, tukaizungusha, tukangoja. Nikavuta gazeti, nikalipapasa kote. Lilikuwa kavu.

"Imeshika," Baba akasema. Kisha akageuza uso kuelekea uani, akavuta pumzi, akamwita Mama kwa jina, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ugonjwa wake: "Wanjirũ. Kuja uone."

Mama alikuja na povu mpaka viwikoni. Nilimwonyesha gazeti, lakini hakulitazama. Alisimama mlangoni akimtazama Baba, akasema, "Ita tena." Naye akamwita tena.

Baba aliishi miaka tisa baada ya siku hiyo, akizungumza kwa mwendo wake wa polepole, na majirani wakajifunza kumngoja. Tulipokwisha kumzika, nikiwa nimekaa jikoni na Mama, nilimkumbusha ile mashine. Kufikia wakati huo nilikuwa nimejua kwamba kibano kile ndicho nilichokilegeza mwenyewe siku ya kwanza, na kwamba Baba, fundi wa miaka yote ile, hangekosa kukiona tangu mwanzo. Nilimwuliza Mama kama yeye alijua.

"Sikujua mambo ya paipu," akasema. "Nilijua fundi angekuja amalize kwa nusu saa. Halafu baba yako angerudi mlangoni."

Akasugua viganja vyake, ambavyo ngozi yake haikuwahi kulainika tena. Wiki zile tano nilidhani kazi ilikuwa ya watu wawili, mimi na Baba, na kwamba Mama alikuwa tu nje, akifua.