Wimbo wa Mtandao Mbovu

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, naye hakulikataa jina. Kuna wasusi wanaomkaza mtu nywele mpaka nyusi zinapanda, akitoka hapo anaonekana kama kapewa habari ya msiba. Yeye hapana. Kwake watu walisinzia wakisukwa, wengine wakakoroma kabisa, na waliokaa benchi wakapata cha kuchekea. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara, chenye kioo kirefu kilichopasuka pembeni na soketi moja iliyogombewa na simu za wote waliomo.

Jumamosi ilikuwa siku ya wanafunzi. Zamani binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa akija kumchambulia rasta. Kisha akaacha. "Nina masomo mengi, mama," alisema, na mama mtu akafurahi kwamba mtoto ameanza kujitambua.

Jumamosi moja alikuwa akimsuka binti wa mwenye duka la dawa, mteja mpya, mchangamfu, mwenye adabu ya kumwamkia kila aliyeingia. Rafiki yake aliyekaa benchi akabonyeza simu. Ngoma ikaanza kudunda, halafu ikaja sauti ya msichana akisoma: "M-m-m-mmeng'enyo." Ilikatwa hapo, ikarudishwa, ikakatwa tena, mdundo ukiingia kila sauti ilipokwama. M-m-m. M-m-m. Wale wawili wakacheka mpaka kichwa kikamponyoka msusi mikononi.

Mkono Mwepesi aliacha kusuka. Sauti ile aliijua kabla haijajifunza kusema.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

"Wimbo tu, anti. Wa shuleni."

"Nani anaimba?"

"Haimbi, alikuwa anasoma biolojia mbele ya darasa, mtu akamrekodi. Tunamwita Mtandao Mbovu." Binti akacheka tena, bila ubaya wowote usoni. "Shule nzima wanao."

Angeweza kumwambia ainuke aende na nusu kichwa. Hakufanya hivyo. Alimaliza mistari yote, akachoma ncha, akamshikia kioo kidogo ajione nyuma. "Asante anti, umenipendezesha," msichana akasema. Alipotoka, msusi alifunga mlango mchana kweupe, akakaa kwenye kile kiti cha wateja.

Kigugumizi kile kilitoka kwa baba. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na tangu utoto maneno yalimkwama. Lakini yeye alikigeuza mzaha. Mteja akianza kumalizia sentensi yake, humwambia, "Su-subiri bosi, inapakia." Nyumbani baba na binti walikuwa wakishindana nani atakwama zaidi, wakicheka hadi machozi.

Jioni hiyo mama alimwomba binti simu. Binti hakubisha. Aliifungua mwenyewe, akaiweka mezani na kuangalia pembeni. Kwenye kundi la darasa kila alipoandika neno, hata akiuliza kazi ya nyumbani, walimjibu kwa herufi ile ile moja, mstari baada ya mstari. Kuna aliyemshauri anywe sumu ili "mtandao ukate kabisa". Chini yake vilikuwa vicheko tu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ungekuja shule."

"Nitakuja. Mimi na baba yako."

Hapo binti akashtuka. "Baba asije! Wa-wa-watamrekodi."

Baba alikuwa mlangoni na vumbi la chuma kwenye nyusi. Alisikia. Alifungua mdomo, neno halikutoka, akarudi nje kunawa mikono aliyokwisha kuinawa.

Mama akapiga moyo konde, akaenda peke yake. Mwalimu mshauri, mama mtulivu mwenye miwani, alimsikiliza vizuri. Alisema yote yanayopaswa kusemwa: msiwajibu, pigeni picha za skrini kama ushahidi, aondoke kwenye kundi, muwe naye karibu. Wakafanya yote. Mwalimu wa nidhamu naye akawaita wanafunzi mmoja mmoja. Kila mmoja alisema, "Mimi nilitumiwa, nikatuma tu." Aliyerekodi hakupatikana. Binti wa duka la dawa alifuta wimbo mbele ya mwalimu, akaomba msamaha huku analia, na huenda alilia kweli.

Mama wa binti huyo alipita saluni. "Tusikuze mambo, dada," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Watoto wanataniana. Mbona ameshafuta?"

"Amefuta wake," Mkono Mwepesi alimjibu. "Na wa wengine?"

Mwenye duka la dawa alishika njia. Hakurudi tena, wala binti yake.

Kisha mkuu wa shule akaona alikemee jambo hilo hadharani. Kwenye paredi ya asubuhi alisema hataki kusikia mtu akimcheka mwenzake mwenye kigugumizi. Hakutaja jina. Vichwa vyote viligeuka kwenye mstari mmoja. Wa kidato cha kwanza, ambao walikuwa hawajui lolote, kufika mapumziko walikuwa wameutafuta wimbo na kuupata.

Wakamhamisha. Shule mpya ilikuwa mbali, akawa anakaa kwa mama yake mdogo. Mwanzoni simu zake zilileta matumaini: amepata wa kukaa naye dawati moja, chakula si kibaya. Siku mwalimu mgeni alipotaka kila mtu asimame ajitambulishe, binti alisimama. Kabla hajafungua mdomo, nyuma ya darasa ngoma ikadunda kwa sauti ya chini.

Alirudi nyumbani na begi lake, akasema hasomi tena. Walimbembeleza. Mwalimu mshauri wa shule ya kwanza alikuja mpaka nyumbani, akakaa naye chumbani mchana mzima, akatoka anafuta miwani. "Anajibu kwa kichwa tu," alisema. "Msikate tamaa." Hakuonekana kama mtu anayeyaamini anayosema.

Sasa Mkono Mwepesi amebandika karatasi ukutani ya kukataza simu zenye sauti. Wateja wanaisoma, wanacheka, wanapunguza kidogo, kisha wanasahau.

Nyumbani anayeongea ni yeye. Binti huonyesha kwa kidole anachotaka. Na baba naye ameacha kuzungumza binti akiwa karibu. Anaogopa kukwama mbele yake, mtoto asije akausikia wimbo ule kwenye mdomo wa baba yake. Akitaka chumvi, anainuka kuichukua mwenyewe. Mama anasimulia habari za saluni, nani kasinzia, nani kakoroma, halafu anangoja. Wao wanakula.