Harufu ya Mwarobaini Mgongoni kwa Mume Wangu

Kosa lilikuwa langu, ndugu zangu. Simsingizii shetani wala majirani. Mimi mwenyewe nilimvunjia mume wangu heshima, kwa mdomo wangu huu huu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tumepanga chumba Kariakoo. Mume wangu alikuwa kinyozi, kiti chake barazani kwa duka la Mhindi, Mtaa wa Msimbazi. Wateja walimpenda kwa usafi wake.

Basi akaanza kurudi nyumbani ananuka mafuta ya mwarobaini. Wala si manukato, ni ule uchungu wa mbegu unaokaba koo. Nikimuuliza, ananijibu, "Nimepita sokoni." Tena akawa halali bila shati, hata kwenye joto la Februari. Nikimgusa mgongo, anajivuta. Wewe ungefikiri nini?

Nikawa nanusa mashati yake kila anapoyavua. Nikamkumbuka Bi Tausi, mjane wa mtaa wa Gerezani aliyekuwa akikamua mbegu za mwarobaini na kupika sabuni ya dawa uani kwake. Nikajiambia, nimeshampata mwizi wangu.

Ijumaa moja alasiri nilimfuata. Aliingia kwa Bi Tausi bila hata kupiga hodi. Nikachungulia uani. Shati limetundikwa kwenye kamba, mume wangu ameinama, na Bi Tausi anamsugua mgongo.

Nilipiga kelele mtaa mzima ukajaa. "Njooni muone mjane anavyoogesha waume za watu!"

Watu wakaja, wakaona. Walichokiona ni choa, mabaka mgongo mzima hadi mbavuni.

Bi Tausi hakupandisha sauti. "Mama Zuhura, najaribu sabuni yangu. Kushoto namwosha kwa hii yenye mafuta ya mwarobaini, kulia kwa sabuni ya kawaida. Tazama mwenyewe."

Nikatazama. Kushoto ngozi ilikuwa imeanza kurudi. Kulia bado magamba matupu.

"Kwa nini hukuniambia, Baba Zuhura?"

Alivaa shati polepole, hanitazami. "Kinyozi mwenye choa atamnyoa nani? Niliogopa utasema. Na umesema."

Wiki haikuisha, kiti chake kikawa hakikaliwi. Wateja walihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Hata Bi Tausi, wanaume waliacha kwenda kwake kutafuta dawa kwa kuwa wake zao waliwakataza. Mume wangu akafungasha mikasi yake akarudi kwao Kilosa. Nilituma wazee wakamwombe radhi. Walirudi na talaka yangu. Nasikia alipona kabisa, ananyoa huko huko, na ameoa.

Dada zangu, ukimshuku mumeo, funga mlango umuulize kwa sauti ya chini. Akikataa kusema, subiri. Usiwaite majirani. Wakishaona watarudi makwao kupika, na wewe utabaki pale uani peke yako, na ulichokifanya.