Wimbo Wenye Jina la Baba Mkwe

Mimi sikuomba wimbo ule urudi. Ulikuwa umeshakufa kifo chake kizuri, kaseti zimeoza, na aliyeuimba ameshakuwa mwimbaji mkubwa wa roki, anajaza viwanja, hana habari na sisi. Sasa kuna watu wakaenda kufukua nyimbo zake za mwanzo, wakazisafisha, wakazitoa upya. Na mimi nimo ndani.

Tulisoma naye sekondari Dongobesh. Mama yake alikuwa nesi aliyehamishiwa huku. Siku moja yule kijana akanikuta na wenzangu tunaimba kama wasichana wa Kibarbaig wanavyowasifu wanaume wenye ng'ombe: unamwita mtu kwa jina lake, unalisifu dume lake. Akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Tukarekodi chumbani kwa mama yake, magodoro yamesimamishwa ukutani. Ndani ya wimbo nikamwita kwa jina mzee mmoja wa Hanang ambaye dume lake jeusi lilisifiwa mpaka Bashay. Nilimwita kwa sauti yangu yote, tena na tena, na wala sikuwahi kumwona.

Baadaye nikaolewa na mtoto wake.

Kwetu mwanamke akishaolewa hataji jina la baba mkwe mpaka anaingia kaburini. Hata neno linalofanana nalo analikwepa. Kuna kitu kimoja dukani mimi huwa nakionyesha kwa kidole tu. Ukilitaja jina lake umemvunjia heshima, na mzee ana haki ya kukataa chakula cha mkono wako. Huyu wangu anaumwa kifua, mke wake alishafariki, na hali chakula cha mtu mwingine isipokuwa changu. Akinisusia, atakula kwa nani? Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mwanzoni nilijipa moyo, maana kwenye kaseti ya zamani sauti yangu ilizama chini ya gitaa. Lakini siku ya mnada Haydom nikapita kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, nikausikia. Jamani! Wameusafisha mpaka pumzi zangu zinasikika. Jina limetoka wazi, hata kiziwi angegeuka. Nilirudi nyumbani bila chumvi niliyoifuata.

Nikamwambia mume wangu. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akashauri tumweleze mzee mapema, nami nikamuuliza tumweleze kwa mdomo wa nani. Mwisho tukaona mzee hana simu, roki haijui, bora tunyamaze. Basi tukanyamaza, na nikaishi roho juu juu. Bodaboda ikipita na muziki, natoka kusikiliza ni wimbo gani. Kila nikimpelekea mzee uji namchungulia usoni kama ameshasikia. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, baba.

Jumapili moja shemeji yangu akaja kutoka Arusha kumwona baba yake, na spika mpya mkononi. Baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, akaanza kumsimulia mzee kwamba kuna mwimbaji maarufu amesoma huku huku kwetu, ngoja amsikilizishe. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Gitaa lilipoanza tu nikajua. Nilitaka kusema zima, nikachelewa. Maji yakishamwagika hayazoleki. Yule msichana niliyekuwa mimi zamani akafungua mdomo, akaita jina.

Mzee akaitika.

Aliitika kabisa, kama mtu aliyeitwa kutoka nje ya boma, akageuza shingo kutazama mlangoni. Mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Mume wangu akairukia ile spika aizime. Mzee akamzuia kwa fimbo.

"Mwache," akasema. "Huyo anayeimba bado hajaolewa."

Wimbo ukaendelea. Jina likaitwa tena, naye akaitika tena, kwa sauti ndogo. Wa rika lake wamekwisha. Watoto wanamwita baba, wajukuu babu, na sisi wanawake wa boma lile wote ni wakwe. Miaka yote hiyo naogopa kulitaja jina lake, na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyebaki wa kumwita kwa jina.

Ulipoisha akaninyooshea mkono, akaomba uji wake. Nilimpa, nusu yake ikamwagikia blanketi lake. Nikakaa chini palepale nikalia, naye akanywa.