Mama Sponji Alivyomfungia Mwanawe

Mama Sponji alikuwa fundi makochi. Jina hilo alipewa na mtaa, maana haikuwezekana kumkuta bila chembe za sponji mwilini: kwenye kilemba, kwenye mikono ya gauni, hata kwenye nyusi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana. Nyuma yake kulikuwa na stoo ya vitambaa na magodoro yaliyokatwakatwa, yenye dirisha la nondo na mlango wa mbao nzito.

Mdomo alikuwa nao. Mteja akirudi kulalamika kwamba kochi limeanza kubonyea, alimtazama kuanzia juu hadi chini, akasema, "Kochi halina kosa, baba. Punguza kulikalia." Mteja alicheka, kisha akaliacha kochi pale likatengenezwe upya, kwa sababu pamoja na maneno yale, mkono wake haukuwa na mpinzani.

Huo mdomo aliingia nao hata kanisani, na huko haukumchekesha kila mtu.

Mumewe alikuwa mlevi. Alikufa kwenye mtaro wa maji machafu, kifudifudi, mvua ikimnyeshea. Mchungaji wa wakati ule, ambaye baadaye alistaafu, alikataa mwili usiingizwe kanisani. Alikuja mpaka mlangoni mwa nyumba, akasimama pale pale kizingitini, akamwambia mjane kwamba mlevi hana sehemu mbinguni, na kwamba marehemu alionywa mara nyingi akachagua mwenyewe. Waliomzika ni majirani na mafundi wenzake, na aliyeomba kaburini alikuwa seremala mwenye kigugumizi.

Tulidhani Mama Sponji angelihama kanisa lile. Hakuhama.

"Nikiondoka," alisema, "nani atabaki kuuliza?"

Na aliuliza. Kila aliyeletwa kuchunga kanisa lile alikutana na swali lake kabla hajazoea viti vya ofisi. Kama Mungu anatupenda kama mzazi, na anajua moto ulipo, kwa nini anatuachia tuuendee kwa miguu yetu? Jibu lilikuwa moja, likibadilishwa shati tu: Mungu ametupa hiari, maana upendo haulazimishi.

"Mwanangu alipokuwa anatambaa kuelekea jiko la mkaa," aliwajibu, "sikumpa hiari. Nilimkamata mguu."

Mchungaji wa sasa, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa ameshajaribu mara kadhaa. "Mama, mtoto mchanga ni mtoto mchanga. Sisi ni watu wazima."

"Mbele ya Mungu, mtu mzima ni nani?"

Mchungaji alitabasamu, akamwombea, akaondoka. Ikawa kama mazoea kati yao, mpaka siku mwanawe naye alipoanguka.

Mwana huyo, kifungua mimba wake, mtaa ulimwita Spana. Alikuwa fundi magari, mcheshi, mtu wa kusikiliza injini ikikohoa akajua inaumwa wapi. Pombe aliianza kwa kuonja, kama wote. Kufika wakati ninaousimulia, gereji ilikwisha kumfukuza, macho yalikuwa manjano, na alikuwa ametoka kulazwa kwa mara ya pili. Daktari alimwita mama pembeni akamwambia waziwazi: ini limechoka, akirudia tu, hatafika mbali.

Spana aliporudi nyumbani aliketi kwenye kochi lililokuwa bado halijavishwa kitambaa, mbao zikimchoma mapajani, akasema bila kuinua uso, "Mama, nifungie."

"Nikufungie wapi?"

"Stoo. Najijua. Kesho nitaona barabara, kesho kutwa nitakuwa kilabuni. Nifungie mpaka dada aseme mwili umetulia. Na nikikuomba unifungulie usinisikilize. Hata nikilia. Hata nikikutukana."

Dada yake alikuwa muuguzi wa zahanati, na habari ya kufuli hakuipenda kabisa. "Mama, mtu hafungiwi kama mbuzi. Akianza kutetemeka je? Kuna watu hufa kwa kuachishwa ghafla."

"Ndiyo maana Mungu alinipa wewe. Njoo umtazame."

"Nitakuja. Dawa nitaleta, mapigo nitapima. Lakini ufunguo huo sitaugusa."

Basi Mama Sponji aliondoa vitambaa stooni, akamtandikia mwanawe godoro zuri kuliko la kwake, akafunga, akauning'iniza ufunguo shingoni.

Mwanzoni Spana alikuwa mgonjwa wa kweli. Alitokwa jasho, alitetemeka, aliona wadudu ukutani. Dada yake alikuwa naye ndani karibu muda wote, akimnywesha maji kidogo kidogo, na hakuna aliyezungumzia mlango. Taabu ilianza homa iliposhuka. Mwili ulipopata nguvu, kiu nayo ilipata sauti.

"Mama, nimepona. Fungua."

"Dada yako hajasema."

"Dada anaogopa tu. Mama, nisikilize vizuri." Sauti ilikuwa tulivu, ya mtu mwenye akili timamu, na hilo ndilo lilimtisha. "Yule aliyekuambia umfungie alikuwa mgonjwa, ana hofu ya kufa. Mimi ninayesema nawe sasa nina akili zangu. Uliheshimu maneno yake. Kwa nini huheshimu ya kwangu? Kati yetu, mwanao ni yupi?"

Mama Sponji alikuwa anashona mto. Sindano ilisimama kitambaani.

"Wote wawili ni wanangu," alisema mwishowe. "Lakini mmoja anataka kumuua mwenzake."

Hapo utulivu ukaisha. Spana alipiga mlango kwa mateke. Alilia, akabembeleza, akatukana matusi ambayo wapita njia walijifanya hawakuyasikia. Halafu akasema neno ambalo hakupaswa kulisema: "Ndiyo maana baba alikufa nje. Alikuwa anakukimbia wewe."

Mama yake aliweka mto chini, akaenda uani, akafua upya vitambaa vilivyokuwa safi. Aliporudi alikaa pale pale karibu na mlango wa stoo, akaendelea kushona. Hakutaka Spana adhani ameachwa peke yake. 

Majirani tulikuwa tumegawanyika. Wengine tulisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Wengine walisema mama amerukwa na akili, na hao ndio walimwita Mchungaji.

Mchungaji alikuja mchana, akamkuta Mama Sponji anapigilia kitambaa kwenye kochi refu. Bila kungoja kukaribishwa kiti, alimshikia ncha ya pili ya kitambaa, akavuta alipoambiwa avute. Toka stoo, Spana alisikia sauti yake akaanza kumwita. "Mchungaji, mwambie anifungulie. Wewe ni mtu wa haki."

"Mama, mfungulie," Mchungaji alisema kwa sauti ya chini. "Toba ya kufungiwa si toba."

"Sijaomba toba. Nimeomba ini. Toba itakuja likiwepo ini."

"Hata Mungu hamfungii mtu."

"Na mimi hicho ndicho ninacholalamikia miaka yote. Vuta."

Mchungaji alivuta. "Ukimweka humo hatakunywa, nakubali. Lakini utakuwa na mfungwa, hutakuwa na mwana. Mungu alitaka wana."

"Na yule aliyekufa mtaroni? Kwa kumwachia hiari yake, Mungu alipata mwana?"

Yule Mchungaji mzee angejibu hapo hapo. Huyu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Sijui, mama."

"Hujui. Na Jumapili unauhubiri ule moto kama mtu aliyefika huko jana."

Kijana wa watu hakukasirika. Aliutazama mlango wa stoo, akautazama ufunguo shingoni mwa mama. Ilikuwa wazi anafikiria kama auchukue.

"Na mimi nina hiari, au siyo?" Mama Sponji alimwuliza. "Basi niachie."

Akamwachia. Alipokuwa anatoka, Spana alimtukana yeye pia.

Siku ilifika dada yake akampima, akamtazama macho, akasema mwili umetulia. Mama Sponji alifungua kufuli mwenyewe. Spana alitoka amekonda, lakini weupe wa macho ulikuwa umerudi. Alioga. Alikunywa chai amesimama. Kisha akaingia kukusanya nguo zake kwenye mfuko, na mama yake alijua kabla hajasema.

"Umeniokoa," Spana alisema. "Sikatai."

"Uliniomba mwenyewe."

"Najua. Ningekuwa sikukuomba ningekulaumu, yaishe. Sasa sina pa kukulaumia." Alikuwa anafunga mfuko, fundo halikubali. "Ila nilikuwa nalia humo ndani, mama, na nilikuwa nasikia sindano yako inapita kwenye kitambaa. Sindano haikusimama. Kila nikikutazama naisikia."

Mama Sponji alitaka kumwambia kwamba ilisimama. Kwamba alishona ili asiufungue mlango, kwamba mto ule baadaye aliufumua wote kwa sababu hapakuwa na mshono ulionyooka. Lakini maneno, aliyokuwa nayo tele maisha yake yote, siku hiyo hayakuja. Spana akaenda.

Alipata kazi gereji ya mji mwingine. Hanywi. Dada yake alikuwa akienda kumwona, akirudi na habari: amenenepa, amepewa wanafunzi wa kufundisha, anaimba akifanya kazi.

"Ananiulizia?"

"Anakuulizia."

"Kwa nini asiniulize mimi? Simu ninayo."

Binti aliingia jikoni.

Mama Sponji alivumilia, kisha uvumilivu ukamshinda. Alikwenda ofisini kwa Mchungaji akiwa bado na mkasi mfukoni, akakaa bila kusalimia.

"Nimefanya ambalo Mungu wako hakulifanya," alisema. "Mwanangu yuko hai, na hanitaki."

"Pole, mama. Ingekuwa kurudia, ungemfungia tena?"

"Kesho asubuhi."

"Hata ukijua ataondoka?"

"Hata nikijua atanitemea mate. Sasa niambie, Mungu anaogopa nini? Kuchukiwa? Mimi nimechukiwa, na asubuhi naamka nachemsha chai. Yeye ni mkubwa kuliko mimi. Si avumilie achukiwe, watu wapone?"

Mchungaji alizungumza taratibu, kama anayepita kwenye tope. "Spana alikuwa na mahali pa kwenda akiondoka kwako. Mtu akiondoka kwa Mungu ataenda wapi ambako Mungu hayupo? Na akilazimishwa akae naye milele, naye hamtaki, mama, pengine huo ndio moto wenyewe. Pengine hakuna mwingine."

Mama Sponji alilifikiria. Aliwaza kama Spana angebaki kwa nguvu ndani ya nyumba ile, anakula mezani kwake, anakwepa macho yake, anaisikia sindano. Kweli, nyumba ingewaka.

"Jibu lako zuri," alikiri. "Ni la kwanza zuri nililopata kanisani humu. Lakini lina tobo."

"Wapi?"

"Mimi nilikuwa na njia mbili tu: kufuli, au mtaro. Ningekuwa na ya tatu ningeitumia. Ningeingia kwenye moyo wa Spana nikaitoa ile kiu kama tunavyotoa sponji iliyooza, na yeye angebaki yeye. Siwezi, mimi ni fundi makochi. Sasa aliyeutengeneza moyo wenyewe, naye ana mbili tu?"

"Sina jibu, mama."

"Najua huna. Nilitumaini tu."

Jumapili iliyofuata kila mtu aliona mabadiliko. Somo la siku hiyo lilikuwa la hukumu, lakini Mchungaji alilipitia juujuu, akahamia kwenye subira na kusaidiana, akaukwepa moto wote kama mtu anayekwepa shimo barabarani. Wengi walifurahi. Mahubiri yalikuwa mafupi.

Mama Sponji alitoka amenuna. Bintiye alimfuata nyuma, akamwuliza sasa kimemuudhi nini, si ndicho alichokuwa akikitaka?

"Nilitaka anijibu," alisema. "Yule mzee alimhukumu baba yenu, nikapata wa kubishana naye. Huyu ananihurumia. Nitabishana na nani?"

"Bishana na Mungu mwenyewe."

"Huyo nabishana naye kila siku. Naye anafanya kama ndugu yako. Anawauliza wengine habari zangu."

Binti alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Alimshika mkono wakavuka barabara.