Kitambaa cha Moto

Juzi, sokoni Chilinde, nilimwona muuza barafu akimwekea mwanawe kimfuko cha juisi iliyoganda kwenye kifundo cha mguu. Mtoto alikuwa amejikwaa, analia; baridi ilipomgusa akanyamaza papo hapo. Mimi nikasahau nyanya nilizofuata.

Nilikumbuka mchana mmoja kule kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, mama alipoteleza penye bomba la maji akaangukia mkono wa kulia, ule wa kuzungushia gurudumu la cherehani. Nguo mpya za kwaya alizokuwa akishona zilitakiwa Jumapili. Bibi alikuwa ametufundisha kwamba maumivu ni baridi iliyojificha mwilini, nayo hutolewa kwa kukanda. Basi nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikachovya kitambaa. Chumba kilinuka makaa na pamba iliyolowa. Nilitaka nisikosee hata kidogo.

"Inauma, mama?"

"Hapana. We endelea tu, mtoto yangu."

Alipouma meno nilidhani baridi inatoka, nikakanda kwa nguvu zaidi. Kufikia jioni mkono ulikuwa umevimba kama muhogo. Jumapili kwaya iliimba imevaa nguo za zamani.

Baadaye nilijisomea mwenyewe: jeraha jipya hutaka baridi kwanza, joto lingoje. Tangu hapo nimelibeba kosa hilo kimya. Nilipotoka sokoni nilimpigia mama simu, nikaungama.

Akacheka. "Mi nilijuaka tu ile moto iko naongeza maumivu. Lakini ulikuwa unakanda huku unalia. Ningekunyang'anya kitambaa, ungebaki na nini?"